Minnie Riperton, "Come to My Garden" (1970): hii albamu niiweke folda gani?

FundiKanyenye, Tabora

Wakuu, za jioni.

Nina kibanda cha ufundi wa simu na redio hapa Tabora mjini, upande wa Kanyenye. Pembeni ya ufundi nawajazia watu nyimbo kwenye flashi na memori kadi. Wateja wangu ni bodaboda, madereva wa malori, kina mama wa sokoni, na wazee wachache ambao wakitaja wimbo wanakutajia na mwaka wake. Folda zangu hazina fumbo: Singeli, Bongo Fleva, Kwaya, Kaswida, Rumba, Taarabu, Zilipendwa. Ipo moja nimeiandika "Soul za Wazee", humo yumo Otis Redding, Percy Sledge, Aretha Franklin, Bill Withers na wenzao. Hiyo inatoka sana msimu wa harusi.

Sasa kuna mzee mmoja, mstaafu wa reli, alikuja kutaka "Lovin' You" ya Minnie Riperton. Yeye na mama wanasherehekea ndoa yao. Nikaitafuta, nikaipata, na kwa kuwa bando la usiku lilikuwa halijaisha nikashusha na kazi nyingine zote za huyo mwanamama. Mzee akachukua wimbo wake mmoja, akalipa, akaenda zake. Mimi nikabaki na albamu ya kwanza, ya 1970, ambayo sijawahi kumsikia mtu akiitaja, si mtaani, si redioni.

Wakuu, imenishika. Nikishateremsha shata jioni ndiyo ninayoiweka.

Ngoja niongee kifundi kidogo. Spika ya kibandani nimeiunda mwenyewe, kasha la mninga, spika za inchi nane nilizozichomoa kwenye redio kubwa iliyokufa, na amplifaya ya wati chache tu. Nyimbo za siku hizi ukishapanga sauti umemaliza, inakaa palepale toka mwanzo hadi mwisho. Huyu mama hapana. Wimbo wa kwanza, "Les Fleurs" (yaani "Maua"), ubeti unaanzia chini kabisa, vyombo vichache, naye anaimba taratibu hata pikipiki moja ikipita barabarani umekosa mstari mzima. Unaongeza sauti ili umsikie. Kikifika kiitikio, kwaya na matarumbeta vinakuvamia kwa pamoja, kasha linatetemeka, na jirani yangu wa chipsi anafoka "We fundi!" Mchana nimeacha kuipiga.

Ila siku nilizoipiga mchana nilijifunza kitu. Bodaboda mmoja aliuliza kama ni ile ya muvi ya watu wenye nguo nyekundu na mikasi. Nikaangalia, kumbe kweli, iko mwishoni mwa "Us" ya Jordan Peele, 2019. Mama wa mihogo akauliza ni kwaya ya kanisa gani. Nikamwambia si kwaya ya kanisa. Akasema, basi hao wapiga fidla wote wamefuata nini humo ndani?

Ndipo nilipo. Hii ni soul au ni kitu kingine? Na kama ni nzuri kiasi hiki, kwa nini nasoma kwamba ilipotoka haikuuza? Halafu mniambie na hili: kwa nini mtu kama mimi, wa singeli na rumba, siichoki? Nataka niiweke mahali mteja ataiona, maana nikiitupia kwenye "Mchanganyiko" nimeizika.

Kipara_wa_Mwanga, Kigoma

Fundi, mimi napiga muziki kumbini hapa Kigoma, naongea kwa uzoefu. Soul ni jasho. Otis anaimba mpaka unalionea huruma koo lake. Huyo dada wa maua hajasumbuka hata kidogo, anakuimbia kiungwana halafu anakuletea wapiga vyombo wa ikulu. Nimeshawahi kuiweka "Les Fleurs" ukumbini, watu wakadhani muziki umekatika, wakarudi kwenye viti. Kiitikio kilipoingia wote walikuwa wameshaagiza soda.

Fungua folda ya "Za Kulalia" uendelee na kazi.

Nasoma_Tu

Na COSOTA, wale wa hakimiliki, wakipita hapo Kanyenye utawaonyesha folda gani?

FundiKanyenye, Tabora

Hao nawaonyesha betri na chaja. Turudi kwenye mada tafadhali.

Karani_wa_Bandari, Ujiji

Vijana, hamjambo.

Nilikuwa karani wa mizigo bandarini Kigoma mpaka nilipostaafu, sasa nipo nyumbani Ujiji na santuri zangu. Nyingi nilizinunua kwa watu waliokuwa wakivuka ziwa kutoka Bujumbura na Kalemie. Kwenye boksi la rumba, mara mojamoja, ungemkuta Mmarekani amejichomeka. Ndivyo nilivyompata huyu Minnie, lakini katika "Perfect Angel", ile ya 1974, ambayo kwenye kava amevaa ovaroli ya jinzi na aiskrimu inamyeyukia mkononi. Hii ya 1970 mnayoizungumza sikuwahi kuiona bandarini. Nilikuja kuipata nina mvi tayari, binti yangu aliponitumia CD.

Nianze na huyu kijana wa Mwanga. Soul ya jasho ipo, na siikatai, hiyo ni ya Memphis. Chicago wana yao. Msikilize Curtis Mayfield na The Impressions, msikilize Jerry Butler. Fidla zipo, sauti ni laini, hakuna anayepiga magoti jukwaani. Minnie ni mtoto wa Chicago, kazaliwa huko Novemba 1947, na studio iliyomlea ni ya Chess, kampuni ya ndugu wawili, Leonard na Phil Chess, iliyowarekodi Muddy Waters, Chuck Berry na Etta James. Akiwa msichana aliimba kwenye kikundi cha The Gems. Mnaijua "Rescue Me" ya Fontella Bass ya 1965, ile inayochezwa mpaka leo kwenye harusi? Sauti za nyuma, yumo Minnie. Na hapohapo Chess alikuwa akikaa mapokezi, anapokea simu na wageni. Kwa hiyo Kipara, umeshamchezesha ukumbini mara nyingi, ila hukujua.

Sasa fidla za mama wa mihogo zimefuata nini. Zilimfuata mtu mmoja anaitwa Charles Stepney. Huyu ndiye ufunguo wa albamu, na bila yeye nyimbo hizi kumi zingekuwa nyimbo nzuri za kawaida. Alikuwa mpangaji wa muziki pale Chess. Baadaye walianzisha bendi ya Rotary Connection, weusi na weupe pamoja, Minnie akiwa mmoja wa waimbaji, na Stepney akawa anaitumia sauti yake kama chombo, juu kabisa, bila maneno. Bendi ile ilitoa albamu kadhaa za ajabuajabu. Halafu Stepney akaona huyu binti anastahili kazi yake peke yake.

Angalieni waliokaa studioni Novemba 1969. Kwenye piano Ramsey Lewis, ambaye wakati huo alikuwa na jina kubwa kuliko Minnie mara mia. Besi ni Cleveland Eaton. Gitaa ni Phil Upchurch. Anayepiga dramu ni Maurice White, ndiyo, huyuhuyu aliyekuja kuanzisha Earth, Wind & Fire. Fundi, rudia kiitikio cha "Les Fleurs" ukifuata dramu peke yake, uache fidla na waimbaji. Utaelewa kwa nini kasha lako la mninga linatetemeka. Hao si wapiga vyombo wa ikulu, hao ni watu wa klabu waliovalishwa suti.

Wimbo wenyewe ulikuwa na maisha kabla ya hapo. Stepney aliutunga pamoja na Richard Rudolph, mume wa Minnie, na Ramsey Lewis aliurekodi mwaka 1968 katika albamu yake ya "Maiden Voyage", Minnie akiwa sauti ya nyuma tu. Ule wa Ramsey ni mzuri, unakwenda na piano yake. Ila ukiusikiliza ule kwanza, halafu huu, unaona mtu amehamishwa kutoka jikoni kuletwa sebuleni. Ua ndilo linalozungumza katika wimbo huu, na mwenye kuzungumza amepewa nafasi ya kuzungumza.

Kuhusu kutouza nitarudi baada ya isha.

FundiKanyenye, Tabora

Shikamoo mzee. Nimefanya ulivyosema, nimeifuata dramu peke yake. Kabla ya kiitikio kuna mipigo inayopanda kama hatua za ngazi, nilikuwa siisikii kwa sababu nilikuwa na haraka ya kupunguza sauti. Nakusubiri.

Mwalimu_Sauti, Tabora

Fundi, mimi ni jirani yako, nafundisha kwaya huku Isevya, na nyimbo zangu za mazoezi huwa unanijazia wewe. Naomba niongee upande wa sauti, kwa sababu watu wakimtaja Minnie wanataja ile sauti ya filimbi tu, ile ya juu ya "Lovin' You". Wanangu wa sauti ya kwanza wote wanataka kuijaribu. Wanaishia kukohoa.

Akiwa mdogo alifundishwa kuimba kwa njia ya opera. Ndiyo maana pumzi yake haikatiki. Lakini katika hii albamu ya kwanza, kinachonishangaza mimi kiko chini. Ubeti wa "Les Fleurs" uko mahali ambapo mwimbaji wangu wa sauti ya pili anaweza kuufikia bila shida. Nimewapa. Noti wote wamezipata siku ileile. Ugumu ukaja kwenye kuimba polepole namna ile bila sauti kugeuka mnong'ono. Kwaya zetu, wakuu, tunajua kupaza. Mwambie mwimbaji ashushe sauti, anashusha na noti, anashusha na pumzi, mpaka na uso. Huyu anashusha sauti lakini neno linabaki na mifupa yake. Kila konsonanti unaisikia, na hajui anaimba mbele ya spika ya Kanyenye.

Kipara anasema hajasumbuka. Mpe kipaza sauti mtu yeyote ukumbini kwako aimbe ubeti mmoja kwa kiwango kile, halafu uje utuambie nani hajasumbuka.

Na jambo jingine huwa nawaambia kina mama wa kwaya kila tukiuimba, ingawa si la muziki. Huyu dada aliugua saratani ya titi akiwa bado kijana kabisa, akakatwa titi, na mwaka 1976 akalisema waziwazi kwenye televisheni, wakati ambapo mambo hayo yalikuwa yanafichwa hata huko Marekani. Akawa anawahamasisha wanawake kwa niaba ya chama cha saratani cha huko, mpaka Rais Carter akamkabidhi tuzo mwaka 1977. Aliendelea kuimba. Alifariki 12 Julai 1979 akiwa na miaka 31. Kina mama wangu wawili walikwenda kupimwa hospitali ya Kitete baada ya kusikia habari hiyo. Haya, endeleeni na mada.

Kipara_wa_Mwanga, Kigoma

Mwalimu umenipiga kofi la kistaarabu, nimelipokea. Hiyo ya "Rescue Me" nayo sikuijua, nakiri mzee kaniweza.

Lakini hamjajibu swali la fundi. Mnasema sauti, mnasema dramu, mnasema Ramsey Lewis. Watu wote hao wakubwa, na albamu haikwenda. Mimi naamini wasikilizaji. Watu wakikataa kitu, kina sababu.

Karani_wa_Bandari, Ujiji

Nimerudi. Kipara ameuliza vizuri, na wasikilizaji ningewalaumu na mimi kama wangepewa nafasi ya kuikataa. Hawakupewa.

Tazameni tarehe. Mwaka 1969 Chess iliuzwa kwa kampuni ya GRT, ambayo biashara yake ilikuwa kutengeneza kanda za muziki. Oktoba mwaka huohuo Leonard Chess akafariki. Minnie na wenzake wanaingia studioni Novemba. Mimi nimefanya kazi mahali penye mabadiliko ya uongozi, najua yanavyokuwa. Mzigo unafika, nyaraka zimekamilika, lakini aliyeuagiza hayupo, na aliyekuja anauliza huu ni wa nani. Albamu ikatoka 1970 kwa nembo ya GRT yenyewe. Watu wenye kanda, si watu wenye masikio ya mtaa, na waliomjua huyu binti tangu akiwa mapokezi hawakuwa na usemi tena.

Sababu ya pili ni hili swali lako fundi, la folda. Unadhani ni swali la kibanda chako tu? Redio za Marekani nazo zilikuwa na folda. Vituo vya watu weusi vilitaka kitu cha kuchezeka. Vituo vya watu weupe vilitaka sauti za nyumbani kwao. Ukimletea mtangazaji wa mwaka 1970 mwanamke mweusi anayeimba kuhusu maua, nyuma yake kuna fidla, kinubi na tarumbeta, na dramu ya jazi, anaigeuza santuri mkononi, anaiweka pembeni, anachukua inayofuata. Wala si ubaya. Ana dakika tatu na matangazo yanasubiri.

Hapa nataka niseme jambo ambalo nimelifikiri muda mrefu, kuhusu huko kwenu Tabora. Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz walirekodi RTD, yaani Radio Tanzania Dar es Salaam, kwenye mikanda ya redio. Santuri zilizopigwa chapa zilikuwa chache, na nyingine zilitengenezwa Nairobi. Aliyekuwa nayo mkononi ni mmoja kwa maelfu. Lakini redio ilikuwa moja, na ikipiga wimbo, anausikia mvuvi wa Kibirizi na mlina asali wa Sikonge kwa saa ileile. Wimbo uliishi bila kuuzwa. Wanamuziki hawakupata chao, hilo ni donda jingine, ila wimbo wenyewe haukufa. Kule Amerika mambo ni kinyume, kila kitu kilipita dukani. Ukikosa redio umekosa duka, ukikosa duka kampuni inafunga faili. Ndiyo maana bendi ya wilayani huku inakumbukwa na taifa zima, na albamu iliyopigwa na vigogo wa Chicago ikapotea.

Minnie na mumewe walihama Chicago, wakaenda kukaa Gainesville, Florida, na mtoto wao wa kiume. Binti, Maya, akazaliwa hukohuko 1972. Leo Maya Rudolph ni mwigizaji maarufu kuliko mama yake, na ukisikiliza "Lovin' You" ya kwenye albamu mpaka mwisho utamsikia mama akilitaja jina lake. Yaani mwanamke mwenye sauti ile alikuwa nyumbani analea. Mwaka 1973 ndipo mtu wa kampuni ya Epic alipomfuata huko. Stevie Wonder akaingia kusaidia kutengeneza "Perfect Angel", kwa jina la bandia la El Toro Negro kwa sababu alikuwa amefungwa na mkataba wa kampuni nyingine, Motown. Aprili 1975 "Lovin' You" ikashika namba moja Marekani.

Sasa sikilizeni tofauti. "Lovin' You" ina gitaa, kinanda cha umeme, ndege anayelia, na yeye. Basi. Stevie alimvua kila kitu ambacho Stepney alimvika, na dunia ikamwona. Wengi husema hiyo inathibitisha kwamba Stepney alimfunika. Mimi sikubali. Stevie alituonyesha uso wake, Stepney alituonyesha mahali anapoishi. Naupenda wimbo wa ndege, nimeupiga mpaka santuri imekwaruzika, lakini ukishausikia umeusikia. Albamu ya 1970 sijaimaliza mpaka leo.

Hapo ndipo jibu la swali lako la tatu lilipo, fundi, kwa maoni yangu. Hakuna wimbo hata mmoja mle uliotengenezwa kumkimbilia mteja. Hawakujua mteja ni nani. Rudolph anaandika mashairi ya bustani, mvua na ndoto, Stepney anapanga fidla kama mtu ambaye hajaambiwa bajeti, Minnie ana miaka 22. Uzembe upo pia, nisiwadanganye. Katikati ya upande wa pili kuna nyimbo zinazofanana, na mashairi mengine ni matamu mno kwa meno yangu. Ukinipa mkasi nakata mbili. Lakini kazi isiyomtazama mtu machoni kumuuliza "umeipenda?" unaweza kukaa nayo jioni nyingi, haikudai kitu.

Na baadaye watu waliifikia wenyewe. Jina lake lilipokua, kampuni ya Janus iliitoa tena. Wapenzi wa santuri Uingereza wakaibeba, na mwaka 2001 kundi la 4hero la London likaurudia "Les Fleurs" fidla kwa fidla, bila kuukatakata, kwa heshima kabisa. Vijana wengi wa Ulaya waliujua kupitia hao, ndiyo hata CD yangu ikafika Ujiji. Halafu ikaja hiyo filamu ya bodaboda wako. Stepney mwenyewe hakuona lolote kati ya hayo. Alifariki Mei 1976 kwa moyo, akiwa katikati ya kazi na Earth, Wind & Fire. Ile sauti ya fidla na tarumbeta mnayoisikia kwa Earth, Wind & Fire katika "That's the Way of the World" ni mkono wake. Kipara, hao nao umewapiga ukumbini?

Kipara_wa_Mwanga, Kigoma

Kila Jumamosi, mzee.

Nasoma_Tu

Mimi nilikuja kwa ajili ya COSOTA nimejikuta nimeusikiliza mara tatu. Ila mzee hapo pa "mahali anapoishi" sijaelewa.

Karani_wa_Bandari, Ujiji

Usiku ukiwa umetulia, zima taa, sikiliza "Rainy Day in Centerville" kwa spika mbili, si simu. Usipoelewa basi mimi ndiye sijaelewa, na hakuna deni.

Mwalimu_Sauti, Tabora

Mzee, kwenye mashairi kuwa matamu nipo na wewe, lakini nyimbo mbili za kukata usizitaje hapa. Nina wasiwasi moja ni "Expecting", na kina mama wangu hawatakuelewa.

Karani_wa_Bandari, Ujiji

Mwalimu, hiyo haiguswi.

FundiKanyenye, Tabora

Wakuu, asanteni. Nimefanya hivi.

Albamu yote nimeiweka "Soul za Wazee", mzee kanishawishi kwamba Chicago nayo ina haki yake. Lakini "Les Fleurs" nimeinakili na kwenye Kwaya, kwa sababu wanaoingia folda ile wana subira ya kusikiliza ubeti mpaka uishe. Jana dada mmoja wa kwaya amejaza flashi yake, ameipitia orodha, akaniuliza huyu Minnie ni wa kanisa gani. Nikamwambia asikilize kwanza. Leo karudi, hakuuliza tena kanisa, kauliza kama kuna nyingine. Kwenye Taarabu nilitaka kuiweka pia, maana wale wasikilizaji wa fidla ndio wao, ila mke wangu kanizuia, kasema wateja wa taarabu wana wivu na folda yao.

Upande wa ufundi: anayetaka kuipiga kibandani asiiguse na zile programu za kusawazisha sauti. Nilijaribu kwenye kompyuta, nikapandisha beti na kushusha viitikio ili jirani wa chipsi apumue. Ikatoka sawasawa kama ubao, na wimbo ukaondoka. Nimeirudisha ilivyokuwa. Jirani nimempa viazi vyake heshima, naipiga baada ya saa mbili.

Mzee Karani, hiyo ya Ramsey Lewis ya 1968 nimeipata, na albamu tatu za Rotary Connection. Huku kwenu najua mtandao wa kushusha vitu vizito unasuasua. Nikuwekee kwenye flashi nimpe mtu anayepanda treni ya Kigoma?

Karani_wa_Bandari, Ujiji

Nitashukuru. Flashi iwe ya GB 16, kwenye mfuko wa nailoni, na muulize anayekuja kama anajua Ujiji au anaishia stesheni. Miguu yangu stesheni siku hizi haifiki.

Kipara_wa_Mwanga, Kigoma

Mpe ashuke nayo stesheni, nitaipokea mimi nimpelekee mzee. Ila fundi, hiyo ya Ramsey Lewis usiizibe kwa nywila yoyote. Nitaipitia njiani.